Nano, Masizi na Bido la Maji

Neno "nano" limefika Kalundu, bandari ya Uvira, Kongo, kabla ya nano yenyewe. Linakuja kwa simu: video fupi ambamo mtu anamimina tone jeusi kwenye glasi ya maji, tone linatawanyika, na sauti inasema hii ni kaboni inayoyeyuka, inasafisha damu, inaua vijidudu, inarefusha maisha. Siku nyingine linakuja na hofu: kitu hichohicho, tunaambiwa, kilifichwa ndani ya chanjo. Na mtu wa hapa bandarini, ambako kila nyumba ina mbabula na kila mbabula inangoja gunia la makala, ana haki ya kushangaa. Makala anayoyajua yeye ni yale yanayopaka vidole weusi na kukataa kutoka bila sabuni. Yameanza lini kuyeyuka?

Kaboni ya nano inayokaa majini ipo kweli, na kemia yake inafaa kujulikana. Ila haikai majini kwa nguvu zake. Kuna kitu kimeshonewa juu yake, au kimeizungushia, na hicho ndicho kinachoishikilia. Madai mengi yanaanguka pale tu unapouliza kinachoishikilia ni nini, na kitafanya nini katika maji yetu. Nayachukua moja moja.

"Makala yakisagwa laini mno yanayeyuka, na maji kuwa meusi ni ushahidi."

Ni ushahidi wa kinyume. Chumvi ikiyeyuka huioni tena: maji yameizunguka kila chembe, mwanga unapita, na hakuna kitambaa kitakachoikamata. Maji yakiwa meusi maana yake vipande vya makala bado ni vipande, vimetapakaa tu.

Jaribu nyumbani, hakugharimu kitu. Twanga makala kwenye kinu mpaka yawe vumbi, yachekeche kwa kitambaa chepesi, tia kijiko kimoja kwenye chupa ya maji na utikise kwa nguvu. Vumbi litagawanyika sehemu tatu. Sehemu moja itakataa hata kulowa. Itatanda juu na kung'ang'ania kioo. Nyingine itazama papo hapo. Iliyobaki itayatia maji weusi, na hiyo ndiyo inayopigwa picha. Iache chupa mezani hadi asubuhi: weusi umepungua, chini kuna tope. Ukiyagusa maji ya juu ukayasikia yanateleza kidogo, usidhani ni kaboni. Hayo ni majivu. Potasi iliyokuwa ndani ya mti ndiyo iliyoyeyuka.

Kikwazo kiko upande wa maji zaidi kuliko upande wa makala. Molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na haziachiani mpaka zipate kitu kingine cha kushika. Uso wa kaboni tupu, wa atomi zilizopangwa pembesita pembesita, hauna pa kushikwa. Kwa hiyo maji yanavisukuma vipande vya kaboni vikutane, navyo vikikutana vinavutana na kugandana. Kadiri unavyosaga ndivyo uso unavyoongezeka, na kugandana kunaongezeka nako. Tena kinu hakifiki mbali. Vumbi lake hupimwa kwa makumi ya mikromita, ilhali nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita.

Hata ungefika huko, udogo peke yake hausaidii. Fulerini, ile molekuli ya atomi 60 za kaboni ambayo Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waliigundua mwaka 1985 na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, ina upana wa takriban nanomita moja. Ni ndogo kuliko chembe yoyote utakayoitoa kinuni kwa maelfu ya mara. Itie kwenye toluini, kiyeyushi cha rangi za mafuta, na inayeyuka na kutoa zambarau nzuri. Itie kwenye maji: karibu hakuna kinachotokea.

"Basi kaboni haiwezi kukaa majini kamwe. Ni ujanja wa wauzaji."

Mwenye shaka huyu namheshimu, lakini amevuka mpaka. Ushahidi dhidi yake ni wino.

Masizi ya taa ni kaboni, na chembe zake zina upana wa makumi ya nanomita. Kwenye maji matupu yanaelea na kugoma kulowa. Yachanganye kwanza na gundi inayotoka kwenye mgunga, yasage pamoja kwa subira, kisha ongeza maji: umepata wino usiotuama. Wamisri wa kale waliandika kwa wino wa namna hiyo, na vyuo vingi vya Kurani barani Afrika vimeandikia mbao zao kwa jamaa yake. Gundi hiyo ni minyororo mirefu ya sukari yenye sehemu ndogo ya protini. Upande mmoja unanata kwenye kaboni, sukari inabaki nje ikishikana na maji, na chembe mbili zikikaribiana minyororo inazizuia zisigusane. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walifanya hivyohivyo kwa mirija ya nano, ile mirija ya kaboni ambayo Sumio Iijima wa Japani aliitangaza mwaka 1991. Gundi ya mgunga, maji, mtikiso wa mawimbi ya sauti, na mirija iliyokuwa imegandana mafungu mafungu ikaachana mmoja mmoja. Mti wenye gundi hiyo unaota Sudani, Kenya, Tanzania. Na kaboni yenyewe haikubadilishwa hata kidogo, imevikwa tu. Sabuni inafanya kazi ileile inapotoa weusi wa makala vidoleni.

Njia ya pili ni kushona, na hapo ndipo kemia inapokuwa kali. Asidi yenye nguvu ya kuoksidisha inaishambulia kaboni kwenye kingo na penye kasoro, ikiacha nyuma vikundi vyenye oksijeni: hidroksili, kaboksili. Kaboksili ikiwa majini huachia protoni na kubaki na chaji hasi. Sasa maji yana pa kushika, na chembe mbili zenye chaji ya aina moja zinasukumana badala ya kugandana. Mwaka 2007 watafiti watatu walikusanya masizi ya mshumaa, wakayachemsha ndani ya asidi ya nitriki kwa saa 12, wakayatenga na asidi, na wakapata chembe za chini ya nanomita 2 ambazo si tu kwamba zinakaa majini, bali zinang'aa kwa rangi mbalimbali chini ya mwanga wa urujuanimno. Masizi ya mshumaa, si madini adimu! Mng'ao ulikuwa hafifu sana, na wao wenyewe walipima na kusema hivyo, jambo ambalo watu wa video huliruka.

Historia ya kushona ni ndefu kuliko neno nano. Grafiti, jiwe jeusi la penseli, ni karatasi za kaboni zilizopangwa juu kwa juu kama chapati kwenye sahani. Mwaka 1859 mkemia Mwingereza Benjamin Brodie aliipiga kwa klorati ya potasiamu na asidi ya nitriki, akaigeuza kuwa kitu kingine chenye oksijeni nyingi. Mwaka 1958, huko Pittsburgh, William Hummers na Richard Offeman walitoa njia ambayo maabara nyingi bado zinaifuata kwa marekebisho: asidi ya salfuriki nzito, nitrati ya sodiamu, na pamanganeti ya potasiamu inayotiwa kidogokidogo huku chombo kikikaa kwenye barafu, joto lisizidi nyuzi 20. Mwenye haraka akiongeza pamanganeti kwa pupa na joto likapanda, mchanganyiko unaweza kulipuka. Baada ya hapo kuna kuosha, na kuosha tena, na tena, mpaka asidi na manganizi zitoke. Mwishoni karatasi zinaachana majini, na unachokiona si cheusi tena bali ni cha kahawia. Hiyo ndiyo oksidi ya grafini. Grafiti yake si lazima itoke mbali; iko Mahenge na Ruangwa, Tanzania.

Fulerini nayo ilishonwa. Mwaka 1993 kikundi cha California kilionyesha kwamba tufe lile la kaboni linaingia vizuri ndani ya pango la kimeng'enya ambacho virusi vya UKIMWI hukihitaji ili vizaane. Ili kulijaribu kwenye maji ilibidi kwanza walishonee mikono inayopenda maji. Kimeng'enya kikazuiwa, magazeti yakafurahi. Zaidi ya miaka 30 baadaye hakuna dawa ya UKIMWI ya fulerini kwenye duka lolote la dawa.

Na kushona kuna bei yake. Kila kikundi cha oksijeni kinachopachikwa kinavunja mpangilio uliokuwa ukipitisha umeme. Grafini safi, iliyowapa Andre Geim na Konstantin Novoselov Nobeli ya mwaka 2010, inapitisha umeme vizuri ajabu. Oksidi yake haiupitishi. Ukiiondolea oksijeni ili umeme urudi, karatasi zinakumbukana, zinagandana na kuzama. Mtu akikuuzia chupa inayodai sifa zote za grafini safi pamoja na kuyeyuka kikamilifu majini, anakuuzia vitu viwili visivyokaa nyumba moja.

"Kilichokaa majini maabara kitakaa majini popote."

Dai hili halisemwi wazi mara nyingi. Linajificha chini ya madai mengine. Lakini kwa sisi tunaochota Tanganyika ndilo lenye uzito.

Maji ya maabara ni maji yaliyonyang'anywa chumvi zote. Ziwa letu si hivyo. Lina pH inayokaribia 9 juu juu, na lina magnesi nyingi, karibu miligramu 40 kwa lita, sehemu kubwa ikiletwa na mto Ruzizi kutoka ziwa Kivu, kwenye miamba ya volkano. Magnesi na kalisi zina chaji chanya mbilimbili. Zinapokutana na kaboksili zenye chaji hasi zinazifunika, na pengine zinazifunga karatasi mbili pamoja kwa fundo moja. Ule msukumo ulioziweka mbalimbali unakwisha. Vipimo vya maabara kwa oksidi ya grafini vinaonyesha kwamba magnesi ya zaidi kidogo ya milimoli moja kwa lita inatosha kuifanya igandane haraka. Miligramu 40 za ziwa ni kama milimoli moja na nusu. Yaani chupa ileile iliyokaa safi miezi mitatu kwenye rafu ya maabara inaweza kuanza kutoa tope ndani ya bido la maji ya Kalundu.

Maji ya mito inayoshuka kutoka milimani yana chumvi chache zaidi, na baada ya mvua yanabeba uchafu wa majani na udongo ambao unaweza kuivika kaboni na kuizuia isizame, kama inavyofanya gundi. Chembe ileile, kata ileile ya mji, majibu mawili tofauti. Kwa hiyo swali la kama "inayeyuka" halina jibu mpaka useme maji gani.

"Ikiwa inakaa majini ni salama, mwili unaitoa kwa mkojo."

Hapa pana nusu ya ukweli, tena nusu nzuri. Mwaka 2004 watafiti wa Texas walilinganisha fulerini tupu iliyotawanywa majini na fulerini zilizoshonewa hidroksili nyingi, wakaziweka juu ya seli za binadamu katika vyombo. Zilizoshonwa zaidi zilikuwa na sumu ndogo kwa tofauti kubwa mno. Mwaka 2006 kikundi kingine kilidunga panya mirija ya nano iliyoshonewa vikundi vinavyopenda maji, na mirija ile ikaonekana kwenye mkojo wao, haikubaki kwenye ini. Upande wa pili, mwaka 2008 mirija mirefu, migumu, isiyoshonwa, ilipowekwa ndani ya fumbatio la panya ilizusha uvimbe wa aina ileile inayozushwa na asbesto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina moja ya mirija hiyo mwaka 2014 katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa aina nyingine lilisema ushahidi hautoshi kuzipanga.

Tazama basi yaliyopimwa: seli kwenye chombo, panya, sindano moja, dozi inayojulikana, chembe iliyooshwa na kupimwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni mtoto anayekunywa kikombe kila siku kutoka chupa isiyo na anwani. Na kinachoishikilia kaboni kinakwenda nayo tumboni. Ikiwa ni gundi ya mgunga, tumbo halina shida nayo, iko hata kwenye pipi. Ikiwa ni sabuni ya kiwandani, au asidi na manganizi ambavyo mtu hakuwa na subira ya kuviosha, hapo unachougua huenda kisiwe kaboni hata kidogo.

Kuhusu kurefusha maisha: chanzo ni karatasi moja ya mwaka 2012 iliyosema panya waliopewa fulerini ndani ya mafuta ya zeituni waliishi karibu mara mbili ya wenzao. Panya walikuwa wachache, sita kwa kundi. Biashara ikalipuka duniani. Mwaka 2020 wengine walirudia jaribio kwa uangalifu zaidi: maisha hayakurefuka, na mchanganyiko uliokaa kwenye mwanga uligeuka sumu, panya wakafa. Angalia pia kwamba ilikuwa mafuta, si maji. Anayekuuzia "maji ya fulerini" kwa sifa za utafiti ule hajausoma.

"Chanjo ya Korona ilikuwa na oksidi ya grafini, ndiyo maana sumaku inanata mkononi."

Kwa ufupi, kwa sababu hili limeshachosha. Lilienea Julai 2021 kutoka kwa kikundi cha Wahispania na ripoti ya mtu mmoja aliyetazama kichupa kimoja kwa hadubini, kichupa ambacho asili yake haikujulikana. Chuo chake, Almería, kilijitenga na ripoti hiyo. AstraZeneca, iliyotangulia kufika Kongo, imechapisha viambato vyake: virusi vilivyobadilishwa visiweze kuzaana, histidini, chumvi za magnesi na sodiamu, sukari, alkoholi kidogo, polisobeti. Grafini haimo. Na kaboni haivutwi na sumaku. Kama ina tabia yoyote mbele ya sumaku, ni kusukumwa kidogo. Mkono wenye jasho unashika sarafu hata ya shaba.

Sitatumia hoja ya rangi, ambayo wengi huitumia. Wanasema oksidi ya grafini ni ya kahawia, hivyo ungeiona. Maelezo ya AstraZeneca yenyewe yanasema dawa inaweza kuwa na ukahawia kidogo. Hoja mbovu kwa upande wa kweli bado ni hoja mbovu.

Ila Kongo ililipa. Dozi milioni 1.7 zilifika Kinshasa Machi 2021. Serikali ikasimamisha kwanza kwa sababu ya habari za damu kuganda huko Ulaya, chanjo ikaanza Aprili 19, wachache wakajitokeza, na dozi zipatazo milioni 1.3 zikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika. Uvumi wa grafini ulikuja baadaye kidogo, ukakuta mlango umeshafunguliwa.

"Hii ni sayansi ya Wazungu, kwetu haina mahali."

Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alichanganya mchanga wa kuchujia na vitu vya nano ili kunasa uchafu ambao mchanga hauwezi, na mwaka 2015 Chuo cha Uhandisi cha Uingereza kikampa tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi barani Afrika. Kilichonivutia kwake ni kwamba hakudai chujio moja kwa maji yote. Maji ya Arusha yana floraidi, maji ya penginepo yana shida nyingine, na chujio linapangwa kufuatana na hayo. Arusha hiyohiyo, kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikiondoa floraidi kwa mifupa iliyochomwa. Unga wake ni mweusi na watu wanausifia weusi, lakini kazi ya kunasa floraidi inafanywa na fosfati ya kalisi ya mfupa. Kaboni imo kama abiria.

Hapa Uvira tuna kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, ambacho kimelisoma Tanganyika kwa miongo mingi. Mtu mwenye bidhaa ya kweli hatasita kuipeleka mahali kama hapo ipimwe kwenye maji haya. Anayetaka kujaribu mwenyewe nyumbani kwa asidi ya betri na pamanganeti, nimwambie tu kwamba nimeshataja mlipuko hapo juu na sikutaja kwa mapambo.

"Tone la kaboni ya nano kwenye bido linaua kipindupindu, klorini haina haja."

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu hili linaua watu.

Tuanze na maabara. Ni kweli, mwaka 2010 kulitoka ripoti kwamba oksidi ya grafini inazuia bakteria. Mwaka 2011 ikatoka nyingine: bakteria waliokuzwa pamoja na oksidi ya grafini iliyotawanyika majini waliongezeka haraka zaidi, wakatumia karatasi zile kama sakafu ya kujishikiza. Tofauti iko kwenye namna ilivyotengenezwa, ilivyooshwa, na maji yaliyotumika. Kitu ambacho leo kinaua na kesho kinalisha hakiwezi kuwa dawa ya bido.

Halafu makala ya kawaida kama chujio. Yanafaa: yanaondoa harufu, rangi, baadhi ya sumu za viwandani. Lakini bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikromita 1 hadi 3, na nafasi kati ya vipande vya makala ni barabara pana kwake. Maji yanatoka maangavu, na uangavu unadanganya. Tena huyu bakteria anapenda maji kama ya ziwa letu. Maabara zinapotaka kumwotesha humtilia mchuzi wenye pH ya 8 na nusu hivi.

Sasa jambo ambalo sijasikia likisemwa ufukweni, na ni kemia ileile ya masizi na asidi. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu, wahudumu hukaa kwenye maeneo ya kuchotea na kutia klorini kwenye kila bido linalopanda kutoka ziwani. Mama anafika nyumbani, harufu ya klorini inamkera, anapitisha maji kwenye chujio la makala ili yawe "matamu". Yanakuwa matamu kweli. Klorini imekutana na uso wa kaboni, imeuoksidisha, imeacha oksijeni yake pale na kugeuka kloridi, chumvi isiyoua kitu. Yaani klorini iliyotiwa kumuua bakteria imetumika kuyashonea makala vikundi vya kupenda maji. Makala yaliyoamilishwa hufanya hivyo haraka sana. Ya mbabula hufanya polepole, lakini hufanya. Kuanzia hapo kikombe kichafu kimoja, kidole kimoja cha mtoto, kinatosha kulichafua bido zima bila kitu cha kulilinda.

Na dawa ya kweli ya Uvira imeshapimwa, kwa hesabu kubwa kuliko ya panya sita. Watafiti wa Chuo cha London cha Usafi na Tiba ya Kitropiki pamoja na wenzao wa hapa Uvira walifuatilia kwa miaka kadhaa, kuanzia 2009, maji yanayotoka kila siku kwenye mtambo wa shirika la maji, REGIDESO, kwenye mto Mulongwe na wagonjwa wanaoingia kituo cha kipindupindu. Matokeo yalichapishwa 2015. Siku isiyo na maji ya bomba ilifuatwa, katika siku 12 zilizokuja, na ongezeko la wagonjwa la asilimia 155 kulinganisha na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Karibu robo ya waliolazwa, asilimia 23, walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Umeme ukikatika pampu zinasimama, pampu zikisimama watu wanashuka ziwani. Mafuriko ya mto huo ya Aprili 2020 yalipovunja mabomba, kila mtu hapa aliona hesabu hiyo bila kusoma karatasi.

Nani basi ananufaika mtu akiamini tone jeusi linatosha? Anayeliuza, na anayetakiwa kutengeneza bomba.

Kwa mwenye chujio la makala nyumbani, asilitupe. Abadilishe mpangilio tu: maji ya ziwa yapite kwanza kwenye kitambaa na makala, klorini itiwe baadaye, kwenye chombo kisafi chenye kifuniko. Maji ya kawaida yanangoja nusu saa. Ya Tanganyika yangoje zaidi, kwa sababu kwenye pH ya 9 klorini nyingi hugeuka umbo dhaifu na kazi yake inakwenda taratibu. Saa nzima si nyingi. Na bido ambalo limeshatiwa klorini ufukweni halipitishwi tena kwenye makala.